Choo cha uani: shimo la nani, sakafu ya nani?

Ukitafuta chumba Mbagala, Chanika au Gongo la Mboto, dalali atakuonyesha dirisha, atakuonyesha mita ya umeme wa luku, atakuapia kuwa maji hayakatiki. Choo utakijua vizuri ukishahamia, na kodi ya miezi sita umeshailipa. Naona ubovu wa vyoo vya nyumba za kupanga pembezoni mwa Dar es Salaam unaanzia hapo, kabla hata hatujaanza kulaumiana nani mchafu.

Wenye nyumba wana hoja zao, wala si zote za ubahili. Familia sita kwenye shimo moja zinalijaza upesi. Masika yakiingia, penye maji ya ardhini yaliyo karibu, shimo lililojengewa matairi chakavu linajaa hata watu wakilionea huruma. Gari la majitaka hutozwa kwa safari, na kutoka Chanika hadi mabwawa ya Vingunguti ni mbali; kichochoro kikiwa chembamba halifiki kabisa. Halafu kuna matambara, pedi na nepi zinazotupwa humo, mpira wa kunyonyea ukaziba. Mama mwenye nyumba anayeishi na wapangaji wake uani humohumo akikuambia amechoka, muelewe.

Hata hivyo, wapo wanaosubiri mvua kubwa ili watapishe choo, uchafu uende na maji kwa jirani wa bondeni. Hilo halina utetezi. Jiji hili ndilo lililoanza kupata wagonjwa wa kipindupindu Agosti 2015, kabla ugonjwa haujasambaa mikoa mingine.

Mpangaji naye anasema kodi amelipa, choo ni sehemu ya nyumba. Ni kweli. Mwanamke anayeingia choo chenye mlango wa bati usio na komeo hulazimika kushika mlango kwa mkono mmoja na kukohoa kila akisikia kandambili zinakuja. Usiku taa hakuna, kwa hiyo watoto wanatumia ndoo chumbani. Lakini mpangaji huyohuyo ikifika zamu ya kuosha, hasa akiwa bachela, anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Zamu inabaki ya wanawake, na ugomvi wake hauna tofauti na ule wa luku.

Kampeni ya serikali ya Nyumba ni Choo imehimiza kila kaya iwe na choo bora, na vipimo vya WHO na UNICEF huweka choo cha kushirikiana chini ya kiwango cha msingi hata kikiwa kinang'aa. Nia naielewa. Ila kwenye kiwanja kidogo chenye vyumba sita, mashimo sita yatachimbwa wapi? Yakikaribia visima vifupi vya mtaani, tumeongeza tatizo. Kwa nyumba hizi, afadhali tupime choo cha pamoja kwa ubora wake.

Bauleni, pembezoni mwa Lusaka, Zambia, watafiti walijaribu kuwashawishi wenye nyumba bila kuwapa ruzuku: komeo ndani, kufuli nje, choo kinachofunikwa, utaratibu wa zamu. Hali iliboreka. Sehemu kubwa ya hayo haihitaji fundi mkubwa, na kufuli la nje linawazuia wapita njia wanaochafua na kuondoka.

Shimo, mlango na taa namwachia mwenye nyumba. Sakafu na ndoo ya maji wapangaji, mabachela wakiwemo, na asiyeosha achangie wa kumlipa anayeosha. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la atakayeita gari shimo likijaa, maana nyumba nyingi mwenyewe haishi hapo na msimamizi kazi yake ni kupokea kodi tu. Bwana afya ana Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ya kumbana mwenye nyumba, lakini akikifunga choo, wanaoumia kwanza ni wapangaji.

Kigumu ni ile kodi ya miezi sita. Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo miezi ya kulipia ni makubaliano tu. Ikilipwa kwa mwezi, mpangaji anaweza kuhama choo kikioza, na mwenye nyumba atalijua hilo. Lakini fedha ya mkupuo ndiyo hiyo inayochimba shimo jipya. Ukimlipa kidogokidogo inaishia sokoni. Mimi ningekubali miezi sita iendelee, kwa sharti kwamba sehemu yake itengwe siku ileile ya malipo kwa ajili ya kunyonya choo, na wapangaji waone risiti ya gari.