Zinaingiana

Jamani kwanza kabisa mimi sikula chenji ya zawadi ya kichen pati ya mdogo wangu. Naanza na hilo kwa sababu kuna shosti yangu mmoja, simtaji, anajijua na hapa anasoma, tangu Jumamosi usiku karusha kile kivideo kwenye stetasi yake na maneno eti "kapewa laki tatu kanunua vya buku tano", na mpaka jana jioni nimeshatumiwa hicho kivideo na watu wanne tofauti, akiwemo kaka yangu wa Muscat ambaye hata salamu huwa hanipigii. Chenji inajulikana iliko. Chenji ilipuliza tarumbeta. Haya kaeni niwasimulie mwenyewe.

Mnaonifuata humu mnanijua. Mimi ndo yule wa "usilipe kabla hujaona mzigo", mimi ndo yule wa "ukurasa uliofunga komenti kimbia". Ni mimi niliyewafundisha kubonyeza jina la akaunti ya muuzaji muone imefunguliwa lini na imeshabadilisha majina mangapi, maana ukurasa ulioanza na mawigi, ukahamia viwanja, leo unauza simu, huo sio ukurasa huo ni kinyonga. Nikawafundisha jina linalotokea ukiweka lipa namba lifanane na la duka, likija la mtu baki rudisha simu kwenye pochi. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" tumezipeleka sana 15040, ile namba ya kuripoti meseji za matapeli, mimi na nyie. Kwa hiyo tulipokaa dada zake bi harusi kugawana kazi za kichen pati, zawadi ya jikoni nilipewa mimi bila kura. Tuko 11, elfu thelathini kila mmoja, jumla 330,000, na maagizo yalikuwa sufuria seti nzima, zile nzito za granaiti, rangi ya krimu ziendane na makabati.

Kariakoo nilienda, asije mtu kuniambia sikwenda. Nimeuzunguka Mtaa wa Kongo na jua lote lile, seti ya maana inaanzia laki tatu na ishirini, nikalia lia pale mpaka ikashuka elfu kumi, muuzaji akaniambia mama hapo nakupa kwa sababu umechoka. Na bajaji bado. Nikasema ngoja kwanza.

Usiku wa Jumapili ile, saa nane, watoto wamelala, baba yao anakoroma, mi niko na bando langu la usiku. Ndo zikapita. Sufuria za krimu, vishikio vya mbao, vifuniko vinang'aa, VIPANDE 12, laki tatu na nusu imekatwa mstari mwekundu na chini yake 89,000. Kwenye picha kikaango kimekaangiwa yai moja. Yai limekaa katikati, kiini cha njano safi, limejaa kikaango chote.

Mnanielewa hapo? Yai moja. Limejaa kikaango chote. Na mimi na macho yangu mawili nikaliangalia lile yai nikasema aisee hawa watu wanajua kupiga picha.

Sasa msije mkasema nilikurupuka, ukaguzi nilifanya wote. Komenti ziko wazi, na zote za kusifia. Mmoja kaandika "mwanangu kazipenda mno, ubarikiwe". Mwingine "binti yangu kalia kwa furaha". Nikajisemea hawa ni wamama wanaozesha kama sisi. Mwingine kaandika "nimechukua seti mbili za mapacha wangu", nikasema mashallah, mtu anaozesha mapacha kwa mpigo, huyo mama ana moyo. Akaunti imefunguliwa 2019 na haijawahi kubadilisha jina. Jina lenyewe linaishia na "kidz", mi nikadhani ndo vijana siku hizi wanavyofupisha kitchen. Nikaomba video, nikatumiwa video muda huo huo, sufuria ziko juu ya meza nyeupe zinazungushwa, kifuniko kinainuliwa kinarudishwa kinalia ting. Meza tupu. Hakuna sahani, hakuna glasi, hakuna chochote. Sikuwaza hata kumwambia weka kibiriti pembeni. Na chini ya picha maelezo yalikuwa marefu, yale yanayokatika yanaandika "zaidi". Sikubonyeza zaidi. Nilikuwa nishaandika "naweka oda".

Nikaomba waniletee Jumamosi moja kwa moja ukumbini Segerea, maana bi harusi wiki nzima yuko kwangu asije akaziona. Muuzaji akasema utalipa ukipokea. Mnaona? Lipa ukipokea! Nani angekataa?

Asubuhi nikaingia kwenye grupu kama waziri wa fedha. Sufuria 89,000, bodaboda 6,000, imebaki 235,000. Vigelegele vilivyopigwa mle jamani, mmoja akasema mimi ndo nilifaa kuwa mhazini wa ukoo. Na huyo huyo wa stetasi, skrinshoti ninayo, ndo aliyeandika "sa si tuite matarumbeta tuingie kwa kishindo, wakwe wajue tupo". Laki mbili. Ile 35,000 ikaenda kwa mpambaji atutengenezee boksi la zawadi, kubwa, jeupe, lenye utepe wa dhahabu, nikampa vipimo kabisa, sufuria 12 bwana sio mchezo.

Jumamosi saa tano niko saluni chini ya draya, rola kichwani, masikio yanaungua, simu inaita. Mpambaji. "Dada mzigo umefika ila mbona mdogo? Boksi lenyewe kama la viatu." Na mimi, kwa sauti ya mtu aliyeangalia video, nikamjibu, "Zinaingiana mpenzi. Zi-na-i-ngi-a-na. Kubwa inameza ndogo. Weka ndani ya boksi letu, jazia makaratasi, funga utepe." Saluni nzima ikaitikia eeh teknolojia hiyo. Nikamlipa bodaboda pale pale kwa simu, hela ya mzigo na yake, mzigo sijauona, nimekaa chini ya draya.

Saa kumi na mbili jioni emsii katuita. "Sasa wanakuja dada zake bi harusi, nasikia wamebeba jiko zimaaa!" Mlango ukafunguliwa, tarumbeta zikalia, mnazijua tarumbeta zikianza, hata mwenye kidonda anainuka. Tukaingia kumi na moja tumepanga mstari, kitenge kimoja, mimi mbele na lile boksi kichwani. Jamani lilikuwa jepesi. Nikahisi jepesi kama nimebeba kofia. Ila akili yangu, Mungu anisamehe, ikaniambia granaiti za kisasa hizo. Na kwa vile ni jepesi nikaanza mbwembwe, nikaachia mkono mmoja, ukumbi ukapiga kelele, nikaachia wa pili. Nikashuka chini kwa kiuno mpaka magoti yakagusa zulia, nikapanda, boksi halijatikisika. Emsii anapiga kelele, "Sufuria kumi na mbili kichwani na HASHIKI! Hawa watu wamelelewa kwa ugali!" Mama mkwe wa mdogo wangu kakaa mbele pale, katoa miwani kwenye pochi kaivaa ili anione vizuri.

Naomba tutembee polepole hapa maana mimi mwenyewe tangu juzi napita hapa kila nikifumba macho.

Tukaliweka boksi chini. Shangazi kakata utepe. Kifuniko kikatoka, yakatoka makaratasi yale ya kukatakata, shangazi anayatoa kwa mikono miwili anayamwaga pembeni, yanatoka tu, yanatoka tu, mdogo wangu amekaa kwenye mkeka uso umeinamia chini anajizuia asicheke kwa furaha. Likatoka boksi la viatu. Mtu kati ya meza za mbele akasema "mhh". Nikaichana ile gundi mwenyewe, kwa kucha nilizopaka asubuhi, ndani kuna zile plastiki za malengelenge, nikakunjua, nikakunjua, nikashika kitu. Kikaingia chote kwenye kiganja. Nikafunga mkono kikapotea.

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba hiki ni kifuniko cha kile kidumu cha chumvi, wametuongezea zawadi. Nikaingiza mkono tena. Sufuria. Ina vishikio viwili vya mbao, kila kimoja kama kijiti cha kibiriti, imetengenezwa vizuri, siwezi kusema uongo, granaiti kweli kweli, krimu kweli kweli, inatosha kupika wali wa sisimizi.

Tarumbeta zilikuwa bado zinalia. Wa mbele akaniona, akashusha. Wa pembeni yake akashusha. Yule wa nyuma hakuona, akaendelea peke yake pooo pooo mpaka mwenzake akampiga kiwiko. Ngoma ndo ilinyamaza ya mwisho, dum, afu kimya, unasikia feni tu.

Nyie mlioenda kichen pati mnajua, ukileta chombo lazima uelezee kazi yake mbele ya watu. Emsii, ambaye tulimlipa sisi, akanipa maiki. "Haya dada mkubwa, mfundishe mwari, hii ya kazi gani?"

Nikasema, "Hii ni ya... kupashia."

"Kupashia nini?"

"Dawa."

"Sawa. Na hii nyingine?"

Nikaiangalia. Naye akaiangalia. "Hii ni ya kuchemshia yai."

Sauti ikatoka meza ya nyuma kabisa, ya mwanamke mtu mzima, tulivu kabisa: "La kware."

Ukumbi ukaanguka. Kuna mtu kamwaga soda. Wenzangu kumi wa kitenge kimoja, nikigeuka nyuma, wamesharudi kwenye viti, nimebaki mwenyewe na maiki, mpaka leo sijui waliondokaje, hata mlio wa viatu sikusikia. Mtoto wa dada yangu, miaka mitano, kaja mbio kachukua vitatu kachuchumaa pale pale kwenye zulia kaanza mchezo wa baba na mama, anakoroga kabisa. Mama mkwe akanyoosha mkono nimpe kimoja. Nikampa. Akakigeuza, akachungulia ndani, akakigeuza tena, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima zote, akasema, "Mwanangu mimi anakula."

Hakuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Mengine sina haja ya kurefusha. Muuzaji nilimpigia nikiwa chooni ukumbini nimepandisha sauti ya mtu aliyeibiwa, akanisikiliza, akasema taratibu, "Dada bonyeza zaidi." Nikabonyeza. Imeandikwa kwa herufi kubwa, SETI NDOGO YA WATOTO, MIAKA 3 NA KUENDELEA, KIPENYO SM 6 MPAKA 9, na kikatuni cha mtoto mchanga pembeni. Vipande 12 nayo ni sufuria nne, vikaango viwili, vifuniko vinne, vijiko viwili. Hata kuripoti siwezi, nitaripoti nini, kwamba kaniuzia alichoandika? Kurudisha kakataa kwa sababu zimeshapikiwa, yule mtoto alitia juisi ya embe. Jana Jumatatu nimerudi Mtaa wa Kongo, muuzaji yule yule, 320,000, sikuomba hata mia. Laki na nusu nimetoa mimi, nyingine wamechanga hao waliokimbia, na tumezipeleka kimya kimya bila tarumbeta. Mdogo wangu yeye anacheka tu, kasema viwili anabaki navyo. Baba watoto jana kaniuliza chakula kiko wapi, nikamwambia kwenye hotipoti, kasema "au kimeingiana". Grupu limebadilishwa jina, mnaweza kukisia.

Na usiku nimeivuta ile picha ikawa kubwa mpaka simu ikawa inaganda. Pembeni ya kikaango kuna kipande cha ganda kimejificha. Kina madoadoa. Yule mama wa meza ya nyuma sijui aliona wapi.

Kwa vile mtauliza, ndio, bado naperuzi, hela zitarudije? Leo asubuhi nimekutana na friji, milango miwili, laki moja na themanini. Safari hii nimebonyeza zaidi, nimesoma mpaka alama za reli za mwisho, vipimo hajaandika. Nikamfuata inboksi kwa adabu nikamwandikia, kaka habari za kazi, naomba unipigie picha umeweka kibiriti pembeni.

Kanijibu sasa hivi: "Dada kibiriti hatuuzi."