Mashine Mpya, Saini Ileile

Karibu kila mwenye biashara ninayefahamiana naye Kampala hunipigia simu akitaka kujua bei ya mashine zilizotumika hapa Japani, lakini sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuniuliza jinsi kazi inavyopangwa ndani ya kiwanda. Sishangai sana, kwa sababu mashine huonekana, mteja huisifu, na benki huikubali kuwa dhamana ya mkopo, ilhali utaratibu wa kazi hauna dhamana wala sherehe ya uzinduzi. Hata hivyo, baada ya kufanya kazi katika nchi zote mbili, naamini kwamba tija ya kampuni zetu inapotelea zaidi katika utaratibu kuliko katika uchakavu wa mitambo.

Kabla sijahamia mkoa wa Aichi, nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo ya uchapaji jirani na Nasser Road. Mwenye kampuni alinunua mtambo wa rangi nne, na kazi ya mabango iliyokuwa ikichukua nusu siku mashineni ikawa inamalizika kabla chai ya saa nne haijapoa. Mteja, hata hivyo, aliendelea kuyapata mabango yake baada ya juma zima, kama zamani. Sababu ilikuwa kwamba karatasi hazikununuliwa mpaka mkubwa atie saini, fedha hazikutolewa mpaka atie saini nyingine, na nakala ya majaribio haikwenda kwa mteja mpaka aione kwa macho yake. Mkubwa akienda mazikoni Masaka, karani alikaa na fomu yake mezani, fundi akaupangusa mtambo uliokuwa safi tayari, na maduka ya karatasi yalikuwa ng'ambo ya barabara.

Hali hii haikuanzia kwetu. Viwanda vya Marekani vilipoanza kutumia umeme, wengi waliing'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa moja mahali pake, na kuziacha mashine zote zimefungwa kwa mikanda kwenye mhimili uleule wa dari uliozizungusha kwa pamoja. Mwanauchumi Paul David alieleza mwaka 1990 kwamba faida kubwa ilikuja baada ya miongo kadhaa, kila mashine ilipopewa mota yake na sakafu nzima ikapangwa upya kwa kufuata mwendo wa kazi. Alikuwa akijibu fumbo la mwanauchumi mwenzake Robert Solow, aliyesema mwaka 1987 kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa katika takwimu za tija.

Katika kiwanda cha vipuri vya magari ninachofanyia kazi sasa, kuna kamba juu ya vichwa vyetu. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, hata aliyeajiriwa jana, huivuta, taa huwaka, na msimamizi huja mbio kusaidia; kasoro isipotatuliwa kwa wakati, mstari mzima husimama. Fikra hiyo hapa inatajwa pamoja na jina la Sakichi Toyoda, ambaye mtambo wake wa kufuma wa mwaka 1924 ulijisimamisha wenyewe uzi ulipokatika. Mabadiliko mengine ni madogo kiasi cha kuchekesha: mwenzangu alipendekeza kisanduku cha skrubu kielekezwe upande wake ili asigeuke kila mara, na kikaelekezwa siku hiyohiyo bila kikao.

Nisieleweke vibaya, maana kuna Waganda huku wanaosimulia Japani kana kwamba ni pepo. Nchi hii kwa miaka mingi imekuwa ikishika mkia miongoni mwa mataifa saba tajiri ya G7 katika tija ya kila saa ya kazi, na mtu aliyewahi kuzungushwa ofisini akitafuta mihuri ataelewa sababu mojawapo. Mwaka 2020 waziri Taro Kono alilazimika kuendesha kampeni ya kuondoa mihuri katika hati za serikali. Mama yangu amekuwa akipokea na kutuma fedha kwa simu ya kitufe tangu huduma hiyo ilipoingia Uganda mwaka 2009, wakati mimi huku bado nilikuwa nikijaza fomu za karatasi benki.

Tena nyumbani tunao ushahidi wetu. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, mpango wa nchi za Afrika Mashariki wa kushughulikia ushuru kwa pamoja, mizigo ya Uganda ilianza mwaka 2014 kukamilishiwa ushuru ingali Mombasa, na baadaye ukaguzi wa pande mbili za Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ukawekwa mahali pamoja. Kwa takwimu zilizotangazwa wakati huo, safari ya Mombasa hadi Kampala ilishuka kutoka siku 18 hadi takriban 4, na malori yalikuwa yaleyale. Kisha Januari 2022 ikaongezwa hatua moja tu, madereva kupimwa Uviko mpakani kwa malipo, na foleni ikarefuka kilomita kwa kilomita hata bei ya petroli ikapaa Kampala.

Ninapowashauri wenye kampuni wamkabidhi karani kiasi maalumu cha kununulia karatasi na mahitaji madogo, kisha wakague hesabu kila Jumamosi, jibu huwa moja: ataiba. Hofu hiyo ina msingi, nami sitaidharau. Lakini malipo ya simu huacha kumbukumbu ya kila shilingi, na duka lililo katika mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, ulioanza kutumika mwaka 2021, hutoa risiti inayoweza kuhakikiwa. Saini za mkubwa hazikuwahi kumzuia mwizi kupandisha bei ya rimu kwenye fomu, maana mkubwa mwenyewe alikuwa akitia saini bila kusoma, akiwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.