Kabla ya ekzosi, shika spana

Juzi kijana mmoja tunayepanda naye milimani alinipigia simu, furaha imemjaa hadi maneno yanagongana. Kanunua pikipiki ya theluji ya milimani, ile yenye skii mbele na mkanda wa meno chini badala ya magurudumu, mpya kabisa, nailoni ya kiwandani bado iko kwenye kiti. Haijatembea hata kilomita moja. Swali lake la kwanza: "Kaka, nianze na kubadili ekzosi au nianze na kufunga turbo?"

Nilinyamaza. Akadhani simu imekatika.

Jibu nililompa kwenye simu lilikuwa la adabu. Jibu lenyewe ni hili hapa.

Injini ya cc 850 ya siku hizi inatoa karibu nguvu za farasi 165 ukiwa usawa wa bahari. Mashine nzima, tangi likiwa tupu, ina kilo 200 na ushei. Mkanda wa chini una urefu wa inchi 154 au 165, na meno yake yanafika inchi 3. Huyu kijana, msimu uliopita, juu ya mashine ya kuazima, tulimfukua mara sita kwa siku moja. Mara sita! Na mahali pawili kati ya hizo palikuwa tambarare. Halafu anakuja kuniambia kinachomkwamisha ni uchache wa farasi.

Najua ugonjwa huu kwa sababu niliuugua. Mashine yangu ya kwanza niliifunga ekzosi kabla hata sijajua breki iko mkono gani. Ilipunguza uzito kilo chache, nilivyotangaziwa, na ni kweli. Ila barafu niliyokuwa naibeba chini ya miguu yangu, imeganda kwenye ubao wa kukanyagia, ilikuwa na uzito kuliko hizo kilo, na hiyo nilikuwa nabeba bure kila siku. Nilichopata ni kelele. Debe tupu mnalijua. Nilikuwa nakwama palepale nilipokuwa nakwama zamani, isipokuwa sasa bonde zima lilikuwa na taarifa.

Tena kelele ina mwenyewe anayeilipia. Marekani, tangu 1975, mashine hizi zinatoka kiwandani zikiwa zimebanwa zisivuke desibeli 78 kwa mita 15. Wewe unaing'oa ile kazi ya watu kwa dakika ishirini, halafu siku njia za kupandia zikifungwa kwa malalamiko ya majirani, unashangaa kama vile hukuwepo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapokasirikia hasa. Mashine ikitoka kiwandani imepimwa kwa mtu ambaye hayupo. Kuna mtu fulani wa wastani, si mnene si mwembamba, si mrefu si mfupi, na kiwanda kimemkazia yeye springi. Wewe huyo siye. Ukiwa mzito kumzidi, na mgongoni una begi la beleshi na chupa za maji, nyuma inakaa chini kama kuku anayeatamia. Ikikaa hivyo, skii za mbele zinaelea, usukani unakuwa pambo, na mkanda badala ya kupanda juu ya theluji unachimba handaki. Ukikanyagia mafuta zaidi unachimba zaidi. Ukiifunga turbo utachimba upesi zaidi, hongera.

Dawa yake ni spana na nusu saa. Vaa kila unachovaa mlimani, kofia, buti, begi lote, kisha simama juu ya mashine pale unaposimama ukiwa unaendesha. Mwenzako atazame nyuma imeshuka kiasi gani. Kama imezama, kaza springi za nyuma, jaribu tena. Halafu nenda kwenye ule mkanda mdogo wa kitambaa unaozuia sehemu ya mbele ya reli, zile zinazobeba mkanda wa chini, isishuke kupita kiasi. Wengi hata hawajui kama upo. Ukiufupisha, skii zinashika theluji na mashine haisimami wima kwenye mteremko. Ukiurefusha, mbele inakuwa nyepesi na inanyanyuka kirahisi. Tundu moja tu, mashine inabadilika tabia. Springi za skii nazo zilegeze kidogo, uweze kuilaza mashine ubavuni bila kushindana nayo mieleka, kwa sababu mlimani kona haipigwi kwa usukani, inapigwa kwa kuilaza mashine. Usukani wenyewe uinue au ushushe hadi usimame wima bila kupinda kiuno. Ukimaliza, andika ulivyofanya, maana baada ya wiki utasahau na utaanza kulaumu hali ya hewa.

Mimi haya sikufundishwa na mtu. Niliaibishwa. Kuna rafiki yangu, mwili wake nusu ya wangu, mashine yake toleo moja na yangu, bado ina ekzosi yake ya kiwandani inayonong'ona. Alikuwa anapita ubavuni mwa mlima taratibu kama anaenda dukani, mimi nyuma yake na ngurumo yangu nachimba makaburi. Siku moja tukabadilishana. Yake nami haikwenda popote, imekazwa kwa ajili yake. Yangu naye ilimrusha. Tukacheka, lakini usiku ule nilitoa spana.

Kisha klachi, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mkanda. Ukipanda, hewa inapungua, na injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ukifika mita 3,000, karibu theluthi imekwenda. Kompyuta ya injini inajua kuwa umepanda mlima na inapunguza mafuta yenyewe. Klachi haijui. Vile vizito vilivyomo ndani ya klachi ya mbele ni vilevile, na injini iliyochoka haiwezi kuvizungusha hadi kwenye mizunguko inayotakiwa. Unasikia inaguna tu. Funga vizito vyepesi vinavyolingana na kimo unachopandia, utadhani umeuziwa injini nyingine. Bei yake huwezi hata kuilinganisha na turbo. Lakini hakuna anayepiga picha na vizito vya klachi, basi.

Mengine haraka. Nunua vikwaruzio vya barafu, vinavyorusha theluji kwenye rejeta na kwenye plastiki za reli ili zisipate moto. Mimi niliyeyusha za kwangu kwenye njia ngumu iliyoshindiliwa, nikarudi na harufu ya ndoo iliyoungua. Bampa ya mbele imara, kwa sababu utavutwa. Belti ya klachi ya akiba, na ile mpya iendeshe kistaarabu kilomita 50 za mwanzo.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo watu wanaohitaji turbo. Wanapanda juu sana, wanajua wanachofanya, na viwanda vyenyewe siku hizi vinaziuza zikiwa na turbo tangu mwanzo. Hao hawanipigii simu.

Lakini kuna kitu nilimwuliza yule kijana kabla ya yote haya, na jibu lake ndilo lililonikosesha usingizi. Nilimwuliza, una bikoni? Akasema mashine ina GPS.

Mdogo wangu. GPS itawaonyesha watu mashine ilipo. Bikoni, ile inayorusha mawimbi ya 457 kHz, inawaonyesha ulipo wewe, chini ya theluji, huku dakika zinahesabiwa. Wanaotolewa ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano wengi wanapona. Baada ya hapo hali inaporomoka vibaya. Kwa hiyo bikoni inafungwa mwilini, mbali na simu, na beleshi na fimbo ya kuchomea theluji vinakaa mgongoni mwako. Visikae kwenye begi la mashine, kwa sababu mashine na wewe mnaweza kutenganishwa.

Na vifaa peke yake havitoshi. Tarehe 28 Desemba 2008, karibu na Fernie, British Columbia, Kanada, kundi moja la wapandaji lilifukiwa na poromoko la theluji. Kundi jingine likaja mbio kuwachimba, poromoko la pili likawakuta palepale. Walikuwa watu 11. Walirudi 3. Hawakuwa wageni wa milima, na vifaa walikuwa navyo. Ndiyo maana nasema fedha ya ekzosi ilipie kwanza mafunzo ya siku mbili: kusoma mteremko, kujua kwamba nyuzi 30 hadi 45 ndipo theluji inapopenda kukatika, kupanda mmojammoja wengine wakisubiri mahali salama, kutomfuata aliyekwama katikati ya mlima eti mkamsaidie wote.

Alinyamaza yeye safari hii. Kisha akasema sawa, bikoni na mafunzo kwanza, springi tutakaza wote Jumamosi.

Kuhusu turbo nikamwambia aniulize tena msimu wa tatu. Akauliza kama ule aliopanda mashine ya kuazima unahesabiwa.