Begi la mkononi lipimwe kaunta, lisisubiri mlango wa ndege

Ndege ikijaa hapa Marekani, tangazo la getini huwa ni lile lile. Nafasi ya mabegi juu ya viti haitatosha, kwa hiyo wanaombwa watu wa kujitolea wakabidhi mabegi yao ya mkononi yapelekwe chini, bure. Wachache hujitokeza. Kisha makundi yanaanza kuitwa: wa daraja la juu, wenye kadi za shirika, waliolipia viti vya mbele, na mwisho kabisa wale wa tiketi za bei ya chini. Hawa wa mwisho wakifika mlangoni makabati yameshajaa, na mabegi yao yanafungwa lebo na kuchukuliwa, wapende wasipende.

Kwetu ni Mwanza, na Houston nimeishi miaka mingi. Kwa jambo hili nasema wazi kwamba utaratibu wa nyumbani una haki zaidi, ingawa wengi wetu tunaulalamikia. Nyumbani mzigo unaamuliwa mapema, kaunta, mbele ya mizani, na anayeshika nafasi ya kwanza kwenye foleni anapimwa sawa na wa mwisho. Hapa uamuzi unaachwa hadi dakika za mwisho, halafu unamwangukia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote.

Hali hii ina historia. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linaloingia kwenye sehemu ya mizigo. Mashirika mengine makubwa yakafuata. Leo begi hilo ni dola 35 au zaidi kwa safari ya ndani, kwenda tu. Hata Southwest, ambayo kwa miaka mingi ilijivunia kubeba mabegi mawili bila malipo, ilianza kutoza mwaka 2025. Ukijumlisha, mashirika ya Marekani yanakusanya zaidi ya dola bilioni 7 kwa mwaka kutokana na ada za mabegi peke yake. Sasa familia ya watu wanne inayokwenda kumwona bibi itafanya nini? Itajaza kila kitu kwenye mabegi ya mkononi. Mimi siwalaumu hata kidogo. Bei ndiyo iliyowasukuma, na aliyepanga bei hiyo ndiye anayesimama getini kuwaambia wamebeba vingi.

Watengenezaji wa ndege nao wamelitambua hilo. Tangu mwaka 2015 Boeing imekuwa ikiuza ndege za 737 zenye makabati ambamo begi husimamishwa kwa ubavu, na kabati lililokuwa likibeba mabegi manne likabeba sita. Ukipanda ndege yenye makabati hayo, ugomvi unapungua kweli. Lakini ndege nyingi za zamani bado zinaruka, na kwenye zile ndogo za safari fupi begi la kawaida la magurudumu haliingii juu kabisa. Huko karibu kila mtu anaacha begi lake chini ya ngazi na kulipokea hapo hapo akishuka. Utaratibu huo hauna tatizo, maana kila abiria anaujua na unawahusu wote.

Kinachoniuma ni kule kuchukuliwa begi mlangoni kwa mtu asiyeelewa anachoambiwa. Niliwahi kuwa kwenye ndege ya kwenda Iowa, imejaa pomoni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kikongo, rika la mama yangu, amevaa kitenge na sweta zito. Mfanyakazi akamwonyesha kwa mkono aache begi. Mama akalishika kwa mikono miwili. Mfanyakazi akarudia kwa Kiingereza, sauti juu zaidi. Nikasogea.

"Shikamoo mama. Wanasema begi litakwenda chini, utalipata tukifika. Kuna nini ndani?"

"Dawa yangu yote iko ndani, mtoto wangu. Na makaratasi."

Tukapiga magoti pale pale kwenye ule ujia wa kuingilia ndege tukalifungua. Dawa za presha na za sukari zilikuwa zimeviringishwa kwenye kitambaa. Makaratasi yake yote yalikuwa kwenye ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao wakimbizi hupewa wanapoletwa huku. Alikuwa bado anautunza. Chini kabisa, kati ya nguo, kulikuwa na pawabenki, ile betri ya kuchajia simu. Tukavitoa vyote, nikampa mfuko wa rambo niliokuwa nao, akaingia navyo. Nyuma yetu watu walikuwa wanahema kwa kukosa subira.

Hiyo pawabenki ndiyo ya kuzingatia zaidi. Sheria za usafiri wa anga zinakataza betri za akiba za lithiamu kusafiri kwenye sehemu ya mizigo. Ikishika moto ukiwa umekaa nayo kitini, wahudumu wanaweza kuushughulikia. Ikishika moto chini, hakuna mkono unaofika. Begi likichukuliwa mlangoni, betri hizo lazima zitolewe kwanza. Mara nyingi swali hili huulizwa, lakini huulizwa haraka, kwa Kiingereza, katikati ya msongamano, na ndege inatakiwa iondoke kwa wakati. Yule mama asingeweza kulijibu. Kaunta, ambako kuna nafasi ya kuweka begi mezani na kuulizana kwa utulivu, angejibu vizuri tu.

Wafanyakazi wenyewe siwabebeshi lawama. Kwa miaka mingi wahudumu wa ndege wa Marekani walikuwa hawahesabiwi malipo ya saa mpaka mlango ufungwe. Shirika la Delta lilianza kuwalipa nusu ya malipo wakati wa kupakia abiria mwaka 2022 tu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anabishana nawe kuhusu begi, alikuwa anabishana kwenye muda usiolipwa. Nikimkumbuka hivyo, namjibu kwa upole.

Sasa nirudi nyumbani. Nenda stendi ya Nyegezi, Mwanza, asubuhi uone basi la Dar linavyopakiwa. Hakuna anayepanda na gunia. Konda anasimama kwenye buti, anatazama kila mzigo, anaandika namba ya kiti kwa makapeni juu ya boksi la dagaa, mnakubaliana bei kama umezidi, na basi likianza kutembea kila mtu anajua mzigo wake uko wapi. Kelele zipo, tena nyingi, lakini zinakwisha chini, kabla mtu hajaingia. Ndani ya basi unakuta mkoba, chupa ya maji na mtoto wa kupakata. Uwanja wa ndege nao unafuata moyo huo huo: kwenye ndege nyingi zinazotutoa Afrika Mashariki kwenda nje, begi la mkononi la daraja la kawaida linapimwa, na kilo zinazoruhusiwa mara nyingi ni 7. Ndege ndogo za kwenda Mafia na Zanzibar ndizo kali kabisa, mzigo wako wote ni kilo 15 kwenye begi laini, na hapo hakuna wa kubembeleza kwa sababu ndege yenyewe haiwezi.

Kilo 7 ni chache, nakubali. Begi la magurudumu likiwa tupu linakaribia kilo 3, kwa hiyo unabakiwa na laptop, nguo moja ya kubadilisha na zawadi ya shemeji. Hapa Marekani mashirika makubwa yanaangalia ukubwa wa begi, sentimita 56 kwa 36 kwa 23, na kilo hayaulizi. Ndiyo maana ndugu zetu wanaoruka kutoka huku wanashangaa wakifika Doha au Addis Ababa kuunganisha. Begi la kilo 13 lililokubaliwa Houston bila neno, huko linaweza kuwekwa kwenye mizani na kukataliwa. Kinachozidisha maumivu ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ili kuokoa dola mia. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, kwa kawaida ile haki ya mabegi mawili ya kilo 23 inaanzia mji wako mpaka Dar. Ukizigawa, kipande cha ndani ya Marekani kinahesabiwa kama safari ya ndani, unalipia kila begi, na ile akiba yote inaishia kaunta. Nawaambia kila wanaoniuliza: nunua tiketi moja.

Utaratibu wetu wa nyumbani una doa lake, tena kubwa. Mizani ipo, lakini ipo upande wa mfanyakazi, nawe unaiona siku hiyo hiyo, ukiwa tayari mbele. Ndipo unamkuta mama wa watu amefungua sanduku sakafuni, unga wa muhogo huku, viatu vya watoto kule, kanga za harusi zimetandazwa mbele ya foleni nzima. Hakuna sababu ya kumvunjia mtu heshima namna hiyo. Halafu kuna lile la kujuana. Mmoja amezidisha kilo 4 anaambiwa alipe au apunguze, mwingine amezidisha kilo 6 anapita kwa sababu aliyeko kaunta alisoma na mdogo wake. Kila ukifanya hivyo, unawafundisha watu wote waliosimama nyuma kwamba kilo 7 ni maneno tu, na safari ijayo kila mtu atabeba 12 akitafuta wa kumjua. Mizani ina haki pale tu inapomsomea kila mtu sawasawa.

Naandika haya sasa kwa sababu mtindo wa Marekani umeshabisha hodi kwetu zamani. Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam Novemba 2012, tiketi zilitangazwa kuanzia shilingi 32,000, na begi la chini ulilipia pembeni. Watu wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu ya bei ile, na hilo lilikuwa jema kwelikweli. Jambojet ya Kenya nayo inauza tiketi za namna hiyo, zisizo na begi la chini. Sipingi tiketi nafuu. Napinga begi kufanywa mtego: nauli inaonekana ndogo, kisha abiria anakimbilia kubeba kila kitu mkononi, makabati yanajaa, na ugomvi unahamia mlangoni. Shirika linalotaka kuuza tiketi isiyo na begi lipime begi la mkononi la kila abiria kaunta, na nafasi ya juu ya viti ihesabiwe kama viti vinavyohesabiwa. Kama ni mabegi 120, lebo 120 zitolewe pale, na wa 121 aambiwe mapema, bila malipo, akiwa bado na muda wa kutoa dawa na pawabenki.

Kuna usalama pia. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege nyingine kwenye njia ya kurukia Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu wote 379 waliokuwamo walitoka hai, na waliacha mabegi yao. Kabla ya hapo, Agosti 2016, Dubai, ndege iliyoanguka wakati wa kutua ilionekana kwenye video ikiwa na abiria wanaofungua makabati kutafuta mizigo moshi ukiwa umejaa. Abiria wote walinusurika, ila zimamoto mmoja alipoteza maisha. Mtu ambaye pasipoti yake, fedha za ada na dawa za mzazi vyote viko kwenye begi lililo juu ya kichwa chake, atashawishika kulichukua. Vitu hivyo vikae kwenye pochi ndogo ya kuvaa mwilini, tangu unatoka nyumbani.

Mashirika yetu yanaweza kuanza na mambo mepesi kabla ya msongamano wa Desemba. Wekeni mizani ya wazi mlangoni mwa jengo la abiria, Dar, Mwanza, Kilimanjaro na Zanzibar, abiria ajipime mwenyewe kabla ya kuingia foleni. Ujumbe wa simu wa siku moja kabla ya safari useme kilo ngapi, kwa Kiswahili, na utaje betri na dawa. Ndege ikijulikana kuwa imejaa, na hilo linajulikana tangu jana yake, mabegi yaombwe kaunta, na mfanyakazi amweleze kila mtu atalipokea wapi: kwenye ngazi za ndege au kwenye mkanda wa mizigo mwisho wa safari.