Rimoti iko hatua 20 kutoka bajaji

Mwenye nyumba wangu namwogopa, lakini si kama ninavyoziogopa muvi za watoto. Mwenye nyumba anakuja kila baada ya miezi sita, tena anapiga hodi. Muvi inaingia na flashi mfukoni mwa mtoto wa jirani, na jioni hiyohiyo nyumba yangu ina wavumbuzi wanne wakati mimi nimezaa watatu.

Ilianza na ile ya mzee wa maputo, Up, ya mwaka 2009. Mzee wa miaka 78, kafiwa na mkewe, anafunga maputo kwenye nyumba, nyumba inang'oka kwenye msingi na kupaa mpaka Amerika ya Kusini. Watoto wakashangilia. Mimi nikawa nawaza bili ya maji ya ile nyumba inabaki kwa nani.

Kesho yake wakataka maputo. Nikajitia msomi. Nikawaambia waliotengeneza ile muvi walichora maputo zaidi ya 20,000 pale nyumba inapopaa, na kwamba nyumba ya kweli ingetaka mamilioni. Hapo ningenyamaza nikala wali wangu, ingekwisha. Lakini mdomo huu! Nikaongeza kwamba mwaka 2011 National Geographic walipaisha kijumba chepesi kwa maputo 300 makubwa, yale ya kupimia hali ya hewa, kikafika juu kama mita 3,000.

"Mia tatu tu, baba?"

Tangu siku hiyo mtungi wa gesi nalala nao chumbani. Mama Neema anasema nimechanganyikiwa. Hakuona Kito alivyokuwa anauangalia.

Halafu wakaniuliza mimi nimewahi kufika wapi. Nikawaambia Kibaigwa. Wakataka kujua kuna nini Kibaigwa. Kuna mahindi. Na basi liliharibika njiani, nikasema, tukalala porini, ili nami nionekane nimo. Wakauliza kama tulishambuliwa. Tulishambuliwa na mbu. Wakarudi kwenye TV, ambako mtu anavuka msitu mzima wa Amazon na hajikuni hata mara moja.

Ila kinachoniuma hasa ni nafasi ya baba. Nimezichunguza muvi hizi kwa utulivu, maana sina pa kwenda, rimoti wanayo wao. Baba kwenye safari ana kazi mbili: afe mapema au akataze. Mufasa kafa. Baba yake Moana, mkuu wa kisiwa kizima, kazi yake ni kusema usivuke ule mwamba. Binti anavuka, sebule yangu nzima inapiga makofi. Lakini yule mzee yuko sahihi! Bahari si ya mchezo, niulizeni mimi niliyeanza kutapika kwenye boti ya Zanzibar wakati maghorofa ya Posta bado yanaonekana.

Baba pekee aliyepewa kazi ya maana ni samaki, baba yake Nemo, anayekwenda kumtafuta mwanawe mpaka Sydney. Neema akanigeukia. "Baba, mimi nikipotea utanifuata mpaka Sydney?" Nikamwambia apotee kwanza hapahapa Mbagala tuone. Mama yake hajanisamehe mpaka leo.

Basi, Jumapili iliyopita. Simba na Yanga, saa kumi na moja jioni. Nimenunua umeme, nimelipia king'amuzi, nimekula, nimeoga, nimekaa. Rimoti haipo. Na TV yetu vitufe vya pembeni vilikufa zamani, Neema alipoanza kutambaa.

Nikawahoji mmojammoja. Juma, wa katikati, akatoa karatasi kwenye soksi. Ramani. Kumbe wamezika hazina ili maharamia wasiipate. Nikauliza maharamia ni nani. Wakatazamana. Nikarudia swali. Neema akasema, "Si kila mtu, baba."

Ramani yenyewe ilisema: simama kwenye bajaji ya Baba Shamte, tembea hatua 20 kuelekea kuku mweupe, chimba.

Bajaji ya Baba Shamte imeondoka tangu alfajiri. Kuku mweupe nilikuwa bado namchokonoa menoni.

Na hizo hatua 20 ni za nani? Za Kito, miaka minne, ambaye akitembea kidogo anakaa chini kucheza na sisimizi, kisha anaendelea na upande mwingine.

Nikachukua jembe. Shimo la kwanza, hakuna. La pili, ndala yangu iliyopotea Ramadhani. La nne, mtaa mzima ukalipuka "Gooo!" na sijui la nani. Nikachimba kwa hasira. La saba, giza likaingia, nikavua shati, nikawasha tochi ya simu nikaing'ata mdomoni.

Hapo ndipo akatokea jirani. Nyuma yake, mjumbe.

"Baba Neema," mjumbe akaniita taratibu, kama anavyoitwa ng'ombe aliyekata kamba. "Unazika nini usiku huu?"

Nikatoa simu mdomoni. "Siziki, mzee wangu. Nafukua."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Alizika nani?"

"Watoto."

"Nini?"

"Rimoti."

Akaangalia mashimo yote saba, akaangalia kifua changu, akamwangalia jirani. Nikaona nimtoe wasiwasi kwa jambo la kawaida la wanaume, nikamuuliza mpira umeishaje. Hakunijibu. Yeye alikuja kwa ajili ya uchawi, na uchawi anataka.

Kabla hajapata neno, taa ya bajaji ikatumulika. Baba Shamte amerudi, kaegesha palepale anapoegesha siku zote. Nikamwita Kito, atoke hata kama amelala. Akatoka na fulana bila suruali, akasimama kwenye gurudumu la mbele, sote tukanyamaza, mjumbe akamshikia tochi.

"Moja, mbili, tatu..."

Alipofika kumi na mbili akasimama. Akanitazama.

"Baba, baada ya hapo mwalimu hajatufundisha."