Land Cruiser ya umeme Tsavo? Sawa, lakini fundi wa Changamwe aweze kuifungua

Ubishi wa madereva wa utalii hapa Mombasa umenichosha. Kutwa ni dizeli na umeme, na kila upande unapigia kelele nguvu. Nguvu si tatizo. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuvuta tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hivyo mchanga na vilima inaviweza. Kuvuka maji pia inaweza, maana mota haivuti hewa, mradi viungo vyake vimezibwa sawasawa. Linaloniuma mimi ni lingine: gari likizima karibu na Mto Galana, ni nani atakayelifungua?

Injini ninayoipenda ni 1HZ ya Toyota, na naipenda kwelikweli. Silinda 6, lita 4.2, haina tabo (turbo) ya kuisukumia hewa, haina kompyuta ya kuipimia dizeli. Ilitoka 1990 na hadi leo ndiyo inayobeba wageni kwenda Tsavo na kuwarudisha. Nimesimama mara nyingi kwenye gereji moja Changamwe nikitazama nozo zake, yaani vinyunyizio vya dizeli, zikipimwa. Fundi anaifunga nozo kwenye mashine ya mkono, anabonyeza wenzo, anatazama mnyunyizo. Ukitoka kama ukungu, nozo ni nzima. Tone likibaki kwenye ncha, anaifungua, anaisaga, anairudisha na kupima tena. Fundi huyo hakusomea chuoni. Alifundishwa na ami yake, na sasa yeye anamfundisha kijana anayemshikia tochi. Thamani ya 1HZ iko hapo, kwenye mikono inayoijua.

Dizeli za kisasa zimetunyang'anya hilo. Chukua 1GD, injini nyingine ya Toyota, ya lita 2.8: inavuta kuliko 1HZ na inakula mafuta kidogo, siwezi kubisha. Lakini inasukuma dizeli kwa mgandamizo unaopita baa 2,000, kupitia matundu madogo yasiyostahimili uchafu hata chembe. Na dizeli yetu tunaijua. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Binamu yangu alijaza tangi kwenye kituo kimoja barabarani, na kufika Mackinnon Road gari likaanza kutetemeka na kutoa moshi. Kulivuta hadi mjini, pesa. Kompyuta ya kusoma hitilafu, pesa. Nozo nne mpya, pesa ambayo familia nzima ilichangishana.

Halafu kuna zile zinazoshushwa bandarini kutoka Japani zikiwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha moshi ukipata joto kali, yaani gari likikimbia barabara kuu. Ndani ya hifadhi mwendo hauruhusiwi kupita kilomita 40 kwa saa. Unatambaa siku nzima, joto halifiki, masizi yanajaa. Gari la namna hiyo halikutengenezewa kazi yetu.

Hapo ndipo umeme unaponivutia. Kazi ya Tsavo Mashariki ni kwenda polepole, kusimama, kuzima, kusogea tena. Gari la umeme likisimama mota haili kitu. Na mgeni anamsikia tembo aking'oa majani, mzizi kwa mzizi, bila ngurumo ya injini chini ya miguu yake. Wala hizi si ndoto. Kampuni ya Opibus, ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, imewahi kuondoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za safari hapahapa Kenya na kutia mota na betri.

Umbali nao? Haya, nakubali. Kutoka Mombasa hadi Voi ni kilomita kama 150, nyingi za kupanda, na ukishabeba wageni sita na mizigo yao betri itafika imechoka kabla ya kazi yenyewe kuanza. Basi safari ya gari isianzie Mombasa. Likae Voi, langoni mwa Tsavo, lichajiwe kwa jua, wageni waje kwa treni ya SGR. Anayekwenda mbali, jangwa la Chalbi kule kaskazini, abaki na dizeli yake.

Nyaya za rangi ya chungwa zinazotoka kwenye betri zinabeba volti mia kadhaa, na zinaua. Nimemwona fundi hodari, mtu wa kuteremsha gia boksi peke yake, akizitazama na kurudi nyuma hatua moja. Hakuwa mwoga. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Na kampuni zikituletea magari yaliyofungwa kwa programu ambayo kompyuta yao pekee ndiyo inayoifungua, tutakuwa tumemtupa yule wa Changamwe na kijana wake wa tochi, tena kwa jina la mazingira. Hilo siliungi mkono, hata umeme ukiwa safi vipi.

Kinachotakiwa kinawezekana. Mchoro wa nyaya ukabidhiwe mwenye gari. Mafundi wa Pwani wafundishwe, na wapewe glavu na vifaa vya kupimia volti hizo. Spea ziwekwe Mombasa, kwa sababu hewa yetu ya chumvi hutia shaba kutu ya kijani, na viungo vya umeme ndivyo vitakavyoanza kuharibika.

Kwa hivyo wewe mwenye kampuni ya utalii unayetaka kubadilisha Land Cruiser zako, kabla ya kutia sahihi muulize muuzaji betri ina vipande vingapi, na kimoja kikifa kama kinauzwa peke yake na kinabadilishiwa wapi. Akikujibu kuwa gari litapakiwa kwenye lori hadi Nairobi, rudi nyumbani na 1HZ yako.