Kivitz changu na bajaji la friji

Aisee jamani nianze na siku niliyopitwa na bajaji nikiwa kwenye Vitz yangu, kale kagari kadogo ka Toyota. Ingekuwa bajaji tupu ningenyamaza, lakini hii ilikuwa imebeba friji, limelazwa kwa nyuma nusu iko nje, na pembeni kuna kijana amelishikilia kwa mkono mmoja, mkono wa pili anakula hindi la kuchoma. Tupo kwenye kilima cha Goba, huku Dar, mimi nimekanyaga mafuta mpaka pedali imegusa kapeti, injini inalia kama mtu anayesukuma kabati peke yake. Yule kijana akanitazama, akatafuna, akaniinulia gunzi, kama ananipa pole ya msiba.

Na kibaya zaidi nilikuwa na mama mkwe. Vitz old model, kama hujui, spidi mita haiko mbele ya dereva, iko katikati ya dashibodi, na yangu ni ile ya namba za kijani zinazowaka, kwa hiyo aibu yako inaonekana na gari zima mpaka siti ya nyuma. Mama mkwe akavaa miwani akaanza kunisomea, "Ishirini na sita... ishirini na tatu... mkwe, mbona inarudi?" Mama watoto akaangalia dirishani kama hanijui.

Sasa mi nakubali, hiki kigari ni kidogo. Injini sisi (cc, yaani ujazo wake) 997, hata elfu moja haijafika, yaani Toyota wenyewe walishindwa kuongezea sisi tatu tuheshimike mtaani. Nguvu za farasi 70, na hizo ni za wakati kinatoka kiwandani Japani, sijui farasi wangapi wameshafia bandarini. Uzito wake kama kilo 850 hivi. Ukipakia watu wazima watano wa kilo 80 umeongeza kilo 400, karibu nusu ya gari juu ya gari, halafu unashangaa kilima kinakukataa. Huko Ulaya kinaitwa Yaris na kilipewa tuzo ya gari bora la mwaka 2000, nadhani wale majaji hawakupandishwa Goba na familia ya mke.

Basi usiku ule sikulala. Nikaapa lazima kichanganye, yaani kikimbie. Na mwanaume akiwa na hasira na pesa kidogo ndipo anapokutana na vijana wa gereji.

Kijana wa kwanza akafungua boneti, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema "bosi, hii gari haipumui." Dawa yake kutoa masega ya exosti, yale ya ndani ya bomba la moshi (catalytic converter). Ati yale masega yanabana moshi, ukiyatoa gari inakuwa nyepesi kama pikipiki, afu unaweka na sailensa ya mdomo mpana. Laki moja na nusu. Tena akaniambia kwa upole kabisa, "masega usihangaike nayo bosi, nitakutupia mwenyewe." Nikamshukuru! Nikamwachia na ya soda! Kumbe ndani ya yale masega kuna platinamu na madini mengine ya bei ndefu, kuna watu wanayanunua, na kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka. Mimi nimemlipa mtu aniibie, afu nikamnunulia soda baada ya wizi. Nikikumbuka ile soda ndo naumia zaidi, ilikuwa ya baridi.

Matokeo yake kilima kilekile, mwendo uleule, ila sasa nina kelele. Nikiwasha saa kumi na moja alfajiri mtaa mzima unaamka, kichanga cha jirani kinalia, mbwa wa mzee wa kona wanajibu. Tena kelele inakudanganya, unaona kama unaruka, ukitazama namba za kijani, 28. Na hao vijana walikata waya wa sensa, taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi na haikuzima tena, nimeibandika plasta ya kidonda.

Ungedhani nimekoma. Wapi. Wiki mbili baadaye nikauziwa koni, ile ea klina (chujio la hewa) nyekundu ya spoti, elfu 45, inafungwa wazi hapo hapo juu ya injini. Inavuma kweli, fyuuuu, mtoto wangu anaipenda. Lakini hebu fikiria, ile boksi ya plastiki ya kampuni ina mdomo unaovuta hewa ya mbele, ya baridi, mi nimeitupa stoo nimeweka koni inayonusa joto la injini yenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni pungufu ya kuchoma mafuta, kwa hiyo nimelipa elfu 45 gari ipumulie jikoni.

Afu zikaja rimu. Hapa naomba mnisamehe, hii ilikuwa tamaa tu. Rimu za spoti inchi 16 na tairi zake za mtumba, laki nne na themanini. Gari ikapendeza bwana, hata mama watoto alicheka. Ila hakuna aliyeniambia kwamba rimu kubwa ni nzito, na gurudumu zima likizidi la kampuni kwa kimo ni kama baiskeli uliyofungia gia ngumu, kwenye tambarare inateleza vizuri tu, kilimani miguu inatetemeka. Na kila nikikata kona tairi linakwaruza fenda, krrrr, abiria wote wanainua miguu.

Laki sita na elfu 75, piga hesabu. Shemeji yangu anaendesha gari la sisi 2,000, akaja Jumapili akazunguka kivitz, akapiga tairi teke, akasema "shem, umekivalisha suti mgonjwa." Wakacheka na dada yake mpaka chai ikapoa.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee huko chini ya mwembe, hana bango wala kompyuta, ana stuli na redio. Nikamwambia mzee shikamoo, naomba uniongezee nguvu. Akaitikia marahaba, wala hakufungua boneti. Akaniambia "endesha mpaka kule kwenye transfoma urudi, breki usiguse sana." Nikarudi. Akaenda anaweka kiganja karibu na kila rimu, moja, mbili, ya tatu, ya nne akatoa mkono haraka. Mbele kushoto. Akachukua kikombe akadondosha maji kwenye diski, maji yakafanya tsss kama kitunguu kimeingia kwenye mafuta.

"Mwanangu, hii breki haiachii."

Yaani kalipa, ile inayobana pedi za breki, ilikuwa imekauka pini zake, pedi zimeng'ang'ania diski muda wote. Akainua jeki akaniambia zungusha tairi kwa mkono, nikazungusha kwa mikono miwili, robo mzunguko likagoma. La upande wa pili nikalisukuma kwa kidole likazunguka lenyewe. Nimeendesha sijui miezi mingapi nimekanyaga mafuta na breki kwa pamoja, naweka wese linaishia kupasha chuma. Ukipenda kujua kama yako nayo ina ugonjwa huo, tafuta sehemu tambarare, weka nyutro, achia, ona kama inateleza au inasimama kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Akasafisha pini, akapaka grisi, pedi mpya mbele. Pedi na ufundi elfu 55. Ndo akafungua boneti, akaiona ile koni, akaniangalia mimi, akairudia koni, hakusema kitu. Ule ukimya uliniuma kuliko maneno ya shemeji. Nikaenda nyumbani kuleta boksi la kampuni, tukatoa ea klina ya zamani iliyokuwa ndani, jamani, ilikuwa imejaa vumbi jekundu la Goba, majani makavu na ganda la karanga. La karanga! Panya alikuwa anafanya pikiniki kwenye pua ya gari yangu, na hapo gari ilikuwa inavutia pumzi kupitia hiyo takataka tangu siku naagiza. Mpya elfu 15. Plagi nne elfu 48, za zamani ncha zimelika na kutanuka, cheche inabidi iruke mtaro. Sailensa ya mdomo mpana tukaitoa, akanifungia ya kawaida aliyokuwa nayo juu ya mwembe, bure, nafikiri kwa kunihurumia.

Ya tairi ndo inachekesha. Rimu kubwa nikauza laki tatu kwa kijana mmoja mwenye hasira kama zangu za zamani, sikumwambia kitu, kila mtu apite njia yake. Nikarudisha vitairi vyangu vya inchi 13, na mzee akanionyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva ambacho nimekitazama miaka minne nikidhani ni lebo ya bei. Upepo umeandikwa kPa 220, ambayo ni kama psi 32. Fundi pancha wangu alikuwa ananijazia kwa kubonyeza tairi na kidole gumba, tulipopima zikaja 21, 24, 19, 22. Unaendesha kwenye chapati. Upepo shilingi elfu moja tairi zote.

Afu akasema fungua buti.

Hapo nilitaka kukataa. Buti la kivitz ni stoo yetu, kuna mambo ya ndoa mle. Kukatoka dumu la maji lita 20, nusu mfuko wa simenti uliobaki tulipojenga choo na umeshakuwa jiwe, sufuria mbili za shughuli za kikundi cha mama watoto, viti vya plastiki, betri mbovu, jeki mbili zote mbovu, na tofali. Tofali ni langu, la kuzuia gari isirudi nyuma kilimani. Mbele kuna duka la nafaka, tukapima kwenye mzani wa gunia, kilo 74. Nimembeba mtu mzima asiyelipa nauli miaka yote hiyo. Nikamwambia mama watoto sufuria zibaki nyumbani, akasema sawa, na mama yangu mzazi na begi lake naye abaki nyumbani, basi sufuria moja imerudi.

Cha mwisho hakikuwa hata na gharama. Gari yangu ni otomatiki, na kwenye mkono wa gia kuna kitufe cha O/D (overdrive), nikikigusa bahati mbaya inawaka O/D OFF na mimi nazima mbio nikidhani nimeharibu. Kumbe kilimani ndo unakibonyeza, gari haiendi gia ya nne, inabaki ya tatu inavuta bila kubabaika kupanda na kushuka gia. Na AC unazima kwa ile dakika moja ya kupanda maana kompresa inakula farasi wako, na wewe unao 70 tu. Wanja wa mama watoto unayeyuka kidogo, lakini tunafika.

Jumla elfu 119. Jumamosi tukapanda Goba, mama mkwe nyuma na miwani yake. "Thelathini na nane... arobaini na moja... mkwe, taratibu!" Nilitafuta bajaji yenye friji kila kona, sikuiona.

Jumatatu asubuhi, barabara ya lami, trafiki akanisimamisha. Nimepigwa tochi, ile mashine ya kupima mwendo, 58 kwenye 50. Nikamwambia afande rudia. Akarudia, 58. Nikamuomba nipige picha ile mashine, akaniangalia kama nimelewa, nikamwambia afande niandikie tu, andika na aina ya gari, andika Vitz kwa herufi kubwa. Faini elfu 30, sijawahi kulipa pesa kwa furaha namna ile. Nikaipiga picha karatasi ya faini, nikaituma kwa shemeji pale pale.

Akajibu baada ya nusu saa: "Shem, hapo si ndo kwenye ule mteremko?"

Ni mteremko kweli, lakini kwenye karatasi ya faini hakijaandikwa hicho kitu.